Mwenye Heri Anuarite, Mtumishi wa Jikoni na wa Sakristia



Katika kitabu cha yubilei ni desturi kuonyesha kwanza picha za maaskofu na mapadri, na kiisha kueleza ginsi kanisa lilivyojengwa. Desturi hiyo ni njema, nasi tumeifuata. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kutayarisha kurasa hizi tuliona haya mioyoni mwetu. Tulipouliza nani aliwapikia waashi, nani alichota maji ya kukandia udongo wa matofali, nani alifua na kupiga pasi vitambaa vya altare kila juma, wazee walitujibu neno moja tu: walikuwa wamama. Majina yao hatukuyakuta katika daftari lolote.

Kwa hiyo tumekusudia kuweka hapa maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana katika Kongo yote na mpaka Roma, lakini kazi yake ya kila siku ilifanana kabisa na kazi ya wamama wale. Huyu ni Mwenye Heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta. Watu wengi wanajua namna alivyokufa, lakini wachache wanakumbuka namna alivyoishi. Nasi tunaamini kwamba mtu asiyejua jiko lake na sakristia yake hataufahamu vema usiku wake wa mwisho.

1. Binti wa Wamba

Anuarite alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 huko Matali, karibu na Wamba, katika inchi ya Wabudu. Wamba leo ni sehemu ya provinsi ya Haut-Uele, kaskazini-magharibi ya Ituri yetu. Baba yake aliitwa Amisi na mama yake Isude. Mungu aliwajalia mabinti sita, na huyu alikuwa wa nne. Walimwita Nengapeta, maana yake mali hudanganya.

Katika mwaka 1943 alibatizwa pamoja na mama yake, akapewa jina la Alfonsina. Lakini furaha ya nyumba ile haikudumu. Isude alizaa wasichana tu, na kwa watu wa wakati ule mtoto mwanamume ndiye aliyehesabiwa kuwa nguzo ya ukoo. Amisi akaoa mwanamke mwingine, naye Isude akabaki na uchungu wake na mabinti zake. Anuarite alikua akiona kwa macho yake namna mtu anavyoweza kulima, kupika na kulea, na bado akahesabiwa kuwa hakuleta kitu. Leo ukoo ule unajulikana duniani kwa ajili ya mmoja wa wasichana wale.

Hata jina tunalomwita halikuwa lake tangu mwanzo. Alipopelekwa shuleni, mtawa mmoja alikosea katika kuandika, akampa jina la dada yake mkubwa, yaani Anuarite. Kosa lile halikusahihishwa. Tangu siku ile alibeba jina la dada yake katika masomo, katika utawa na katika kifo. Kila mara Kanisa linapomwomba Anuarite atuombee, linataja pia, pasipo kujua, dada aliyebaki nyuma na ambaye dunia haikumsikia. Sisi tunaona fundisho katika jambo hilo dogo: hakuna mtu anayepanda juu peke yake, daima kuna jina la mwingine ndani ya jina lake.

2. Njia ya Bafwabaka

Alipokuwa bado msichana mdogo alitamani kuwa mtawa. Siku moja kamiyo ilikuja Wamba kuchukua wasichana waliotaka kuingia katika shirika la Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka. Anuarite alipanda pamoja nao pasipo kumwaga mama yake. Isude alipopata habari ya mahali binti yake alipo, hakumrudisha kwa nguvu. Tusipite haraka mbele ya neno hilo. Mama aliyekwisha kuachwa na mume, aliyehitaji mikono ya binti zake shambani, alikubali mikono miwili iende kumtumikia Mungu. Hiyo nayo ilikuwa sadaka, lakini hakuna aliyeipigia kengele.

Tarehe 5 Agosti 1959 Anuarite aliweka nadhiri zake za kwanza, akaitwa Sista Maria Klementina. Wazazi wake walikuja kwenye sikukuu, wakalitolea shirika zawadi ya mbuzi wawili. Baadaye taabu ilizidi nyumbani, na mama akamwomba arudi kusaidia jamaa. Hakurudi. Wale wanaodhani kwamba alikuwa na moyo mgumu hawajui shida ya mtu aliyeitwa pande mbili na ambaye anapenda pande zote mbili. Alibaki Bafwabaka, akaendelea kutumika.

3. Kazi isiyoonekana

Anuarite alisoma ualimu, akafundisha watoto wa shule ya msingi. Aliangalia pia wasichana waliolala pale kwa masomo. Pamoja na hayo alikuwa mtunza sakristia, na alikuwa mpishi wa nyumba. Waliokaa naye walishuhudia kwamba alikuwa mtu wa furaha, asiyependa kukaa bure, na kwamba mara nyingi alizichukua kazi ambazo wengine walizikwepa. Walijua pia kwamba alikuwa na moyo mwepesi wa kuguswa, na alipaswa kupigana na nafsi yake. Hakuzaliwa mpole, upole aliutafuta kila siku kati ya moshi na masufuria.

Mtu asidharau kazi hizo. Kila mtu aliyepata kuishi katika nyumba yenye watu wengi anajua maana ya jiko. Kuni zinatafutwa mbele ya mvua. Sombe inatwangwa na kuchemshwa saa nyingi. Maji yanaletwa kabla ya jua kupanda. Wengine wakiwa wanasali, mpishi anasikiliza sala kwa sikio moja na kwa sikio la pili anasikiliza kama chungu kinafurika. Wengine wakila, yeye anahesabu kama chakula kitatosha. Wengine wakipumzika, yeye anasugua vyombo. Kesho yake kazi yote imeliwa, wala hakuna alama inayobaki. Inafaa kuanza upya.

Kazi ya sakristia nayo ni ndugu ya kazi ya jiko. Mtunza sakristia anafika kanisani mbele ya wote na kutoka nyuma ya wote. Anaangalia kama divai iko na kama hostia zinatosha watu. Anapanga mavazi kwa rangi ya siku, anafungua kitabu kwenye ukurasa unaofaa, anakata utambi wa mishumaa, anakunja kitambaa cha altare kwa makunjo yake. Padri anapotoka kuanza Misa, anakuta kila kitu mahali pake, na watu wanafikiri kwamba vitu vile vimejipanga vyenyewe.

Kazi ya namna hiyo ina ginsi moja ya ajabu: ikifanyika vema haionekani, lakini siku ikikosa kufanyika wote wanaiona. Mishumaa ikiwaka siku mia tatu, hakuna anayeuliza nani aliiwasha. Kibiriti kikikosa siku moja, wote wanageuza vichwa. Ndiyo maana anayeichagua kazi hiyo kwa moyo safi anapaswa kuwa na mtu mmoja tu wa kumpendeza. Anuarite alitamani hilo: kumtumikia Yesu na kumpendeza Yeye tu. Neno hilo hakulipata katika usiku wa hatari. Alilifanyia mazoezi kila siku, kwa muda wa miaka mitano na zaidi, fasi ambapo hakuna aliyemtazama.

4. Mwaka wa 1964

Wazee wetu wa Ituri hawahitaji kuelezwa sana habari za mwaka 1964. Wale waliojiita Simba walitwaa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, katika mwezi wa Agosti, na uasi ukaenea katika inchi za kaskazini-mashariki. Mwezi wa Novemba maaskari wa Ubelgiji waliruka kutoka ndege wakashuka Stanleyville tarehe 24, na Paulis, ambayo leo ni Isiro, tarehe 26. Walitoa watu wengi katika hatari, kiisha wakaondoka. Hasira ya waasi ikaangukia waliobaki. Katika siku hizo hizo Mheshimiwa Wittebols, Askofu wa Wamba, aliuawa.

Tarehe 29 Novemba kamiyo ya Simba ilifika Bafwabaka. Watawa pamoja na wanovisi na wapostulanti, watu 46, waliamriwa kupanda. Waliambiwa kwamba wanapelekwa Wamba kwa usalama wao. Lakini njiani kamiyo iligeuzwa kuelekea Isiro. Walilala Ibambi, na kesho yake jioni wakafika Isiro.

Usiku ule waliletewa wali na samaki wa kopo. Anuarite, aliyezoea kupikia wengine na kuwahimiza wale, hakuweza kula. Kanali Ngalo alikuwa amemwona na kumtaka awe mke wake. Hapo Mama Kasima, mkubwa wa watawa, alisimama akamtetea binti yake, ingawa hakuwa na silaha wala mtu wa kumsaidia. Watawa wengine nao walikataa kutenganishwa naye.

Kiisha mkubwa mwingine wa Simba, Kanali Olombe, alitaka kumchukua yeye mwenyewe. Aliamuru Anuarite na Sista Yoanes Mbatizaji Bokuma waingie katika motokari. Walikataa, wakajaribu kumkimbia. Aliwapiga kwa kitako cha bunduki. Mkono wa Bokuma ulivunjika, akaanguka chini. Anuarite alipigwa sana, lakini hakukubali. Kabla ya kuanguka alimwambia yule aliyempiga kwamba amemsamehe, kwa kuwa hajui analolitenda. Waaskari walimchoma, na Olombe akampiga risasi. Watawa walimchukua ndani ya nyumba. Alikata roho yapata saa saba ya usiku, tarehe 1 Desemba 1964. Alikosa siku 28 tu kutimiza miaka 25.

Wenzake walimlilia, na katika kilio kile wakaimba Wimbo wa Bikira Maria, ule unaosema habari za wanyenyekevu wanaoinuliwa. Mwili wake ulizikwa katika shimo pamoja na watu wengine waliouawa. Baada ya miezi mingi, walipofukua kaburi, walimtambua kwa sanamu ndogo ya Maria iliyokuwa katika mfuko wa vazi lake.

Tarehe 15 Agosti 1985, huko Kinshasa, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Siku ile Baba Mtakatifu alitangaza pia msamaha kwa yule aliyemwua, kama Anuarite alivyofanya. Sikukuu yake tunaifanya kila tarehe 1 Desemba.

5. Waliosimama nyuma yake

Sasa tuulize swali ambalo mara nyingi halisemwi katika hotuba. Kanisa lilijua namna gani habari za usiku ule? Anuarite hakuweza kuzieleza mwenyewe. Waliomwua hawakuziandika. Zilijulikana kwa sababu watawa waliokuwa naye walibaki hai, wakakumbuka, wakasema. Mama Kasima alishuhudia. Bokuma, aliyebeba maumivu ya mkono uliovunjika, alishuhudia. Wengine walikumbuka maneno, wengine njia, wengine chakula cha jioni. Pasipo ushuhuda wa wale waliobaki, Anuarite angekuwa mmoja wa maelfu waliokufa mwaka ule na ambao ni Mungu peke yake anayewajua.

Tunamwita Anuarite shahidi. Je, Bokuma tumwiteje? Alikuwa mbele ya bunduki ile ile, akavumilia kipigo kile kile. Mmoja alikufa, mwingine alibaki na kazi ya kukumbuka. Na Mama Kasima, aliyepaswa kuwaongoza watawa waliobaki katika siku za woga zilizofuata, tumwiteje? Hatuandiki hivyo kwa kupunguza utukufu wa Mwenye Heri. Tunaandika kusudi watu wafahamu kwamba yeye aliyekuwa tegemeo la wengine kwa jiko lake na sakristia yake, naye alitegemezwa: na mama aliyekubali kubaki mikono mitupu, na dada aliyempa jina, na mkubwa aliyemtetea, na mwenzake aliyeumia pamoja naye. Taji ni moja, lakini mikono iliyoisuka ni mingi.

6. Neno kwetu Wakristu wa Nyankunde

Sisi wa Nyankunde tunaishi katika mji unaojulikana mbali kwa sababu ya hospitali kubwa ambayo ndugu zetu Waprotestanti waliianzisha baada ya uasi ule ule wa 1964. Watu wanataja majina ya waganga, na ni haki. Lakini kila anayepita kando ya hospitali asubuhi anaona moshi wa majiko madogo. Hao ni ndugu za wagonjwa. Mama ameacha shamba lake, amekuja na chungu na unga kidogo, analala chini kando ya kitanda, anafua, anapika, anamgeuza mgonjwa usiku. Mganga anapasua na kushona. Lakini uji wa mama yule nao ni dawa, ingawa hauandikwi katika karatasi ya mgonjwa.

Tena hatuwezi kusahau tarehe 5 Septemba 2002, siku mji wetu uliposhambuliwa na damu ya wengi kumwagika, hata ya wagonjwa vitandani. Waliookoka walitembea siku nyingi katika njia za msitu mpaka Oicha, na kati yao walikuwa wagonjwa na watoto. Katika safari ile kuna waliobeba machela, waliobeba watoto wasiokuwa wao, waliogawa muhogo wa mwisho. Wengi wao hawakuandikwa fasi yoyote. Wako kati yetu; pengine Jumapili hii mmoja wao amekaa benchi moja nawe.

Lakini tuseme ukweli wote. Kuna namna mbaya ya kusifu watumishi waliofichika. Ni pale tunapowasifu unyenyekevu wao kusudi tuendelee kuwaachia mzigo peke yao. Siku ya sikukuu tunawapigia wamama makofi, na makofi yakiisha tunawaachia vyombo vyote. Huko si kumheshimu Anuarite. Yeye alichukua kazi ya wengine kwa hiari. Hakuna aliyeruhusiwa kumtwisha kwa sababu alikuwa mpole. Anayetaka kumfuata asitafute mpole wa kumtwisha. Atafute chungu cha kusugua.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili tu katika yubilei hii. La kwanza: siku ya karamu, wanaume na vijana wa kila jumuiya wachote maji na kuosha vyombo, na wamama waliopika wakae mezani pamoja na wageni. La pili: ukurasa wa mwisho wa kitabu hiki tumeuacha mweupe. Kila jamaa iandike humo majina ya wale inaowakumbuka: aliyewapikia waashi, aliyefagia kanisa, katekista aliyetembea vijiji pasipo mshahara, aliyelea yatima. Na asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwandikie. Tukifika yubilei nyingine, wale watakaotayarisha kitabu wasione haya kama sisi tulivyoona.

Mwenye Heri Anuarite, mpishi na mtunza sakristia wa Bafwabaka, atuombee kwa Mungu. Na wale wote waliotangulia, ambao majina yao yameandikwa mbinguni tu, wapumzike kwa amani.